Safu Isiyokubali "Sijui"

Anayesimamia seva ya hifadhidata husoma sana logi, yaani daftari ambamo seva huandika kila kinachoisibu. Sehemu kubwa ya daftari hilo ni malalamiko ya mwili: diski imejaa, waliounganishwa wamezidi idadi, nywila si sahihi, umeme ulikatika na seva inajaribu kujiweka sawa. Malalamiko ya namna hiyo yana dawa zinazojulikana. Unafuta mafaili ya zamani, unaongeza diski, unazima na kuwasha. Lakini upo ujumbe mmoja mfupi, wa kila siku, ambao hauhusu nguvu za mashine hata kidogo. Kwa tafsiri yangu unasema hivi: safu ya tarehe ya kuzaliwa haina kitu, sharti limevunjwa, mstari umekataliwa.

Maana yake si ngumu. Hifadhidata za uhusiano hupanga habari katika majedwali. Kila mstari ni mtu au tukio, na kila safu ni jambo moja tunalotaka kulijua juu yake. Aliyebuni jedwali anaweza kuweka sharti kwamba safu fulani isiachwe wazi. Akishaliweka, seva hulilinda usiku na mchana, haichoki wala haili rushwa. Ukija bila jibu unarudishwa. Tunaofanya kazi hii tunalipenda sharti hilo, maana tumefundishwa kwamba ndilo linalozuia uzembe wa makarani na ripoti zenye mashimo.

Swali langu ni kama linazuia uzembe peke yake. Je, ni haki kumlazimisha mtu ajibu swali ambalo jibu lake hana? Na akijibu kwa sababu amelazimishwa, uongo ule unakuwa wa nani: wake, wa karani aliyeuandika, au wa yule aliyeketi mbali akaamua kwamba "sijui" si jibu?

Katika miji mikubwa swali hili linaweza kuonekana la darasani. Usevya lina uzito. Usevya iko katika Bonde la Ziwa Rukwa, kusini mwa mji wa Mpanda. Barabara itokayo Mpanda hupita Sitalike, hukata Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha hushuka kwenye mashamba ya mpunga na mahindi. Wapimbwe ndio wenyeji, na pamoja nao wapo Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na watu wa makabila mengine waliofuata ardhi. Wazee wengi hapo walizaliwa nyumbani, mbali na zahanati na mbali na mtu yeyote mwenye kalamu. Hawana cheti, na hawakuwahi kukihitaji mpaka kompyuta zilipofika.

Kwa muda sasa, pamoja na masomo yangu ya uzamili, nimekuwa nikiangalia kwa mbali seva ya mfumo mdogo wa kusajili wagonjwa unaotumiwa na vituo vichache vya afya. Siku moja karani wa mapokezi wa kituo kimoja katika bonde hilo alinipigia simu.

"Dada, mfumo umegoma. Nina bibi hapa, hajui alizaliwa lini. Nikiacha wazi haukubali kuhifadhi."

Nikamuuliza kama bibi ana kadi ya zamani.

"Anayo, ya zahanati nyingine. Imeandikwa Januari mosi 1968. Lakini nimemuuliza mwenyewe, anasema walipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni."

Operesheni Vijiji ilipamba moto mwaka 1974. Kama kadi inasema kweli, basi bibi alibeba mwanawe mgongoni akiwa na miaka sita.

"Niandike ipi?" karani akauliza. "Watu wamejaa hapa."

Jambo la kuangalia kwanza ni kwamba bibi hakuwa mtu asiyejua. Alijua mengi. Alijua ni ndugu gani alimtangulia na yupi alimfuata. Alijua mtoto wake wa pili alikuwa ameanza kutembea wakati vijana wanachukuliwa kwenda kupigana na Idi Amin. Ukikaa naye nusu saa ungeweza kuuweka mwaka wake wa kuzaliwa ndani ya duara la miaka minne au mitano, na ungekuwa na sababu za kuutetea. Kitu alichokosa ni kimoja tu: siku, mwezi na mwaka, vikiwa vimepangwa kwa namna ambayo safu ile ilitaka. Maarifa yake yote hayakuwa na pa kuingia, na ujinga wake mdogo ndio uliokuwa mlangoni.

La pili ni kwamba jibu lilikuwa na bei. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Kwa Januari mosi 1968, bibi hajafika. Kwa hesabu ya mtoto mgongoni, amepita zamani. Karani wa zahanati nyingine, miaka kadhaa nyuma, alimtazama usoni, akakisia, akajaza. Bila shaka naye alikuwa na foleni. Kisio lile likageuka kuwa tarehe, na tarehe ikageuka kuwa risiti.

Aliyetunga nadharia ya hifadhidata hizi hakuwa kipofu juu ya tatizo hili. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyoweka msingi wa majedwali tunayoyatumia mpaka leo katika benki, vyuo na hospitali. Baadaye, katika makala ya mwaka 1979, alilishika suala la nafasi isiyo na thamani. Pendekezo lake lilikuwa kwamba nafasi hiyo iwekewe alama yake maalumu, alama ambayo si sifuri wala si neno tupu. Mafundi wengi huku huitamka nali. Nali husema tu kwamba hapa hatujui. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 Codd alikwenda mbali zaidi, akatenganisha hali mbili: jibu lipo duniani ila sisi hatunalo, na swali lenyewe halimhusu mtu huyu. Tarehe ya kuzaliwa ya bibi ni ya aina ya kwanza. Jina la mume kwa mtu ambaye hajaolewa ni ya aina ya pili.

Nali ina tabia ambazo humkera kila anayeanza kujifunza. Uiulize seva kama nali ni sawa na nali nyingine, haitajibu ndiyo wala hapana. Itajibu kwa thamani ya tatu ya ukweli: haijulikani. Ukifikiri kidogo utaona kwamba ina haki. Wazee wawili wasiojua siku zao za kuzaliwa hawajawa pacha kwa sababu hiyo. Ukiiambia itafute wastani wa umri, huwaruka wale wasiojulikana badala ya kuwahesabu kama watoto wachanga. Na ukiiuliza ni wagonjwa gani ambao namba zao hazimo kwenye orodha fulani, wakati orodha hiyo ina nali moja ndani yake, inakurudishia jedwali tupu. Fundi mgeni anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa. Kosa halipo. Seva imesema tu: kwa kuwa mmoja katika orodha hii simjui, siwezi kuapa kwamba huyu unayeniuliza si yeye. Nawafahamu mashahidi wachache wenye uangalifu wa namna hiyo.

Wapo waliopinga. Chris Date, Mwingereza mwenzake Codd na mmoja wa watetezi wakubwa wa nadharia yake, kwa miaka mingi amesema kwamba thamani ya tatu huvuruga mantiki na kwamba nali isingepaswa kuwepo. Hoja zake si za kupuuzwa. Makosa mengi ya programu huzaliwa pale mtu aliposahau kwamba huenda jibu lisiwepo. Lakini Date hakusema kwamba tukikosa jibu tubuni moja. Alitaka tupange majedwali yetu vizuri zaidi ili kutojua kuwe na mahali pake. Wote wawili walikuwa wakitafuta namna ya kuheshimu pengo.

Watengenezaji wa seva hawakuwa na heshima hiyo siku zote. Kwa miaka mingi MySQL, seva iliyozaliwa Sweden mwaka 1995 na kuendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilikuwa na upole wa hatari. Ukiipa tarehe isiyowezekana, iliweza kuipokea na kuandika tarehe ya sifuri tupu: mwaka sifuri, mwezi sifuri, siku sifuri. Ilitoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma, kazi ikaendelea. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 ukali ndio hali yake ya kawaida. SQL Server ya Microsoft, ukiipa maandishi matupu kwenye safu ya tarehe na saa, huyageuza kuwa Januari mosi 1900, na ndiyo maana mara nyingine ripoti hutoa mgonjwa wa zaidi ya miaka 120 aliyeletwa kupewa chanjo ya watoto. Oracle huchukulia neno tupu na nali kuwa kitu kimoja. PostgreSQL ni kali: tarehe isiyowezekana inakataliwa pale pale.

Kwa hiyo kuna seva zinazodanganya zenyewe ili kazi isisimame, na kuna seva ambazo hazidanganyi kamwe. Fundi yeyote atakuambia kwamba hizi za pili ndizo bora, nami nakubali. Hata hivyo ukali wa seva si sawa na ukweli wa kilichomo ndani yake. Ukiweka sharti la kutoacha wazi juu ya jambo ambalo watu hawalijui, seva kali itabaki safi, na uongo utahamia kwa binadamu aliye karibu zaidi. Binadamu huyo hatakuwa mhandisi, wala meneja wa mradi, wala mfadhili. Atakuwa karani mwenye foleni na bibi aliyetembea kutoka kijijini. Tumeusukuma mzigo wa dhambi kwa yule mwenye uwezo mdogo kabisa wa kuukataa, kisha tunamlaumu kwamba data zake ni chafu.

Uongo huu una alama ya vidole inayojulikana duniani kote. Ni Januari mosi. Vijana wa Sudan waliokulia kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na maelfu kadhaa kati yao wakapelekwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wao waliandikiwa siku hiyo moja ya kuzaliwa kwa sababu fomu ilitaka siku. Wanatakwimu nao wanayo alama ya jirani: katika sensa nyingi za Afrika, umri unaoishia na 0 au 5 hujaa watu kuliko miaka iliyo kando yake, kwa kuwa asiyejua hukisia namba iliyo nyoofu. Hata katika mfumo ninaouangalia mimi, nilipoiomba seva iwapange wagonjwa kwa siku ya kuzaliwa bila kujali mwaka, Januari mosi iliongoza kwa mbali. Si kwamba bonde lile lina wanawake wanaosubiri mwaka mpya ili wajifungue.

Sitaki nieleweke kwamba kukisia ni kosa. Makarani wa sensa nchini kwetu hutumia orodha ya matukio kumsaidia mzee kuufikia umri wake: Uhuru, Operesheni Vijiji, vita vya Kagera, mvua za El Niño, kifo cha Mwalimu. Hiyo ni elimu halali, tena ya kale. Kila kijiji kilikuwa na kalenda yake ya njaa, mafuriko na wageni. Ubaya huanza pale kisio kinapovuliwa alama ya kuwa kisio. "Alizaliwa kati ya 1955 na 1959, kwa ushahidi wa mwanawe wa kwanza" ni sentensi ya kweli. "1957-01-01" ni sentensi yenye usahihi wa siku juu ya jambo ambalo hakuna anayelijua hata kwa mwaka. Yeyote atakayeisoma baadaye, awe daktari, mtafiti au programu nyingine, hataona tofauti kati yake na tarehe ya mtoto aliyezaliwa wodini juzi mbele ya muuguzi.

Safu ya mahali pa kuzaliwa ina ugonjwa huo huo. Aliyezaliwa Usevya mwaka 1970 alizaliwa Mkoa wa Tabora, kwa kuwa wilaya ya Mpanda ilikuwa huko. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikaingizwa humo. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Ndugu watatu wa tumbo moja, waliozaliwa chini ya mti mmoja, wanaweza kuwa na mikoa miwili au mitatu ya kuzaliwa, na vyeti vyao vya shule vikathibitisha hivyo. Orodha ya kuchagua kwenye skrini ina mikoa ya leo tu. Mwenye jibu sahihi analazimika kuchagua jibu linalokubalika. Siku akitakiwa kulinganisha karatasi mbili mbele ya ofisa, yeye ndiye atakayeonekana mwongo.

Mtu wa vitendo atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: "sijui" haipimi dozi. Muuguzi anahitaji umri ili atoe dawa. Mhasibu anahitaji kujua kama huyu analipa au halipi. Jamii haiwezi kuendeshwa kwa mapengo, na ukiruhusu nafasi iachwe wazi, karani mvivu ataziacha zote wazi aende nyumbani mapema. Ataongeza kwamba wakati mwingine pengo lenyewe hudanganya, na hapo atakuwa na mfano mzuri. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumia PostgreSQL na ambao Tanzania huutumia kitaifa, kwa kawaida yake hauhifadhi sifuri mpaka anayeuandaa aagize hivyo kwa kipengele husika. Lengo ni kuokoa nafasi. Lakini pasipo uangalifu, zahanati iliyosema "mwezi huu hatukupata mgonjwa wa kipindupindu" na zahanati ambayo haikusema chochote huweza kuonekana sawa. Mmoja ameleta habari njema na mwingine amenyamaza, na daftari linawaandika sawa.

Nakubaliana na mfano wake, kisha nautumia kwa upande wangu. Unaonyesha kwamba kuna angalau majibu matatu yasiyopaswa kuchanganywa: hakuna, sijui, na sikuulizwa. Dawa ya mchanganyiko huo ni kutofautisha, na kulazimisha namba hakutofautishi kitu. Ama muuguzi na mhasibu, wao wanahitaji uamuzi. Uamuzi na ushahidi ni vitu viwili. Uamuzi unaweza kufanywa juu ya kisio, na kila siku hufanywa hivyo, mradi aliyeamua aseme: nimeamua mimi, kwa sababu hii. Tunachofanya tunapojaza Januari mosi ni kuficha uamuzi wetu ndani ya ushahidi, ili baadaye ionekane kwamba hakuna aliyeamua kitu, data ndizo zilizosema.

Upo mtego mwingine, nao ni wa huruma. Kwa nini usimwandikie bibi mwaka wowote unaomfikisha 60 atibiwe? Mwaka 1797 Immanuel Kant alichapisha insha fupi akidai kwamba hatuna haki ya kudanganya hata kwa kumpenda mtu, hata kama muuaji yuko mlangoni akimuulizia rafiki yetu. Wengi tunaosoma insha hiyo tunahisi kwamba mzee yule hakuwahi kuwa na rafiki. Mimi nisingemwacha bibi alipe kwa ajili ya usafi wa jedwali. Lakini mfano wa muuaji haukai hapa. Kwa Kant hakuna njia ya tatu, mlango uko pale na muuaji yuko pale. Katika ofisi zetu njia ya tatu karibu kila mara ipo, ila ni ndefu na inataka mtu mwenye cheo aweke saini yake. Uongo wa huruma mara nyingi ni njia ya kumwepusha mkubwa asiamue. Na ukishazoeleka kwa kumsaidia bibi, utatumika kesho na mwingine kumnyima.

Ndivyo ilivyokwenda siku ile. Karani alimwandika bibi katika daftari la karatasi, ambalo halina sharti lolote, kwa maneno aliyoyasema mwenyewe. Mganga mfawidhi alisoma, akaandika kwamba kwa maelezo hayo anamchukulia kuwa amepita miaka 60, akatia saini, na bibi akatibiwa. Mstari wake kwenye kompyuta ulisubiri. Karani aliniuliza kwa sauti ya utani kama hiyo ndiyo teknolojia, kurudi kwenye daftari. Nilimwambia daftari limetushinda akili kwa leo.

Kuondoa sharti kwenye safu ni amri ya mstari mmoja. Mwenye nywila ya msimamizi anaweza kuiandika kabla chai haijapoa. Ugumu uko kwingine. Programu zinazokokotoa umri zilitegemea kwamba tarehe haikosekani, na zikikutana na nali zinaanguka. Ripoti za mwezi nazo zitaanza kuwa na kundi jipya lililoandikwa "haijulikani". Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo halikuwa la kiufundi hata kidogo. Wakubwa hawapendi neno lile. Ripoti yenye Januari mosi nyingi hupita bila swali, lakini ripoti inayokiri kwamba haijui umri wa baadhi ya wazee hurudishwa na maelezo kwamba watendaji hawafanyi kazi. Tunawaadhibu wakweli na kuwapandisha wabunifu, kisha tunaitisha semina juu ya ubora wa data.

Baada ya majuma ya barua na simu, palikubaliwa safu tatu badala ya moja: mwaka au miaka inayokadiriwa, kiwango cha uhakika, na chanzo, kama ni cheti, maelezo ya mwenyewe, au kisio la karani. Foleni iliongezeka kidogo. Maswali ya seva yamekuwa marefu zaidi. Tarehe za zamani zilibaki zilivyo, kwa kuwa hakuna wa kuzirekebisha.

Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi kama msimamizi. Kazi yetu inajivunia kurejesha kilichopotea. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, usiku, akiwa amechoka, alifuta data za PostgreSQL kwenye seva ambayo siyo. Njia kadhaa za nakala rudufu walizozitegemea zilikutwa hazifanyi kazi. Wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla, na wakaueleza umma wazi, hatua kwa hatua, nini kimepotea. Ulikuwa msiba, lakini msiba wenye kaburi. Walijua pengo lao lina ukubwa gani. Uongo uliojazwa ili safu ijae hauna kaburi. Nakala rudufu huutunza kwa uaminifu ule ule inaoutunzia ukweli, na seva pacha huupokea katika sekunde chache. Huwezi kurudi nyuma hadi siku ambayo data zilikuwa sahihi, kwa sababu siku hiyo haikuwepo.

Najiuliza tulijifunzia wapi kuogopa nafasi wazi. Nadhani ni mapema sana. Kabla ya mtihani wa darasa la saba wengi wetu tuliambiwa: usiache swali, weka kivuli popote, huenda ukabahatisha. Kwa mtihani wa kuchagua ushauri huo una faida, na ndiyo maana ni mbaya. Tunatoka hapo tukiamini kwamba karatasi iliyojaa ni ya mwenye akili, na anayesema hajui amefeli.

Mila nyingine za elimu hazikufikiri hivyo. Inasimuliwa kuhusu Imamu Malik wa Madina, aliyeishi karne ya 8, kwamba aliwahi kuulizwa maswali 48 na akajibu "sijui" katika 32. Waliolisimulia jambo hilo hawakulitoa kumwaibisha, walilitoa kuonyesha ukubwa wake. Ukisoma maandishi ya masheikh wa pwani yetu utaona mara nyingi jibu refu likifungwa kwa kusema kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Hiyo nayo ni safu ya kiwango cha uhakika, iliyowekwa karne nyingi kabla ya Codd.

Katika Kiswahili "sijui" ni silabi tatu, na ni sentensi kamili, yenye mtenda na kitendo. Asemaye "sijui" ametoa taarifa ya kweli kuhusu nafsi yake. Seva nzuri inaweza kuipokea taarifa hiyo, kuilinda, kuihesabu, na kutoichanganya na nyingine. Tangu 1979 uwezo huo umo katika nadharia, na gharama yake kwenye diski haifiki hata kuzungumziwa. Kinachokosekana ni sisi tulio juu ya mashine kukubali kuandikiwa neno hilo bila kulichukulia kuwa utovu wa adabu.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu mtakaoshika nywila za seva, kabla ya kuandika sharti kwamba safu fulani isiachwe wazi, ulizeni kwanza ni nani atakayesimama mbele ya safu hiyo siku ambayo jibu halipo. Kama ni mashine nyingine, kazeni. Kama ni mtu, mwacheni na njia ya kusema kweli.